Mti wa nasaba ukigoma: kutafuta hitilafu katika jenomu za kloroplasti

Umesoma DNA ya majani, umeunganisha jenomu za kloroplasti (DNA yote ya kloroplasti, sehemu ya seli inayofanya usanisinuru), umechora mti wa nasaba wa mimea yako ya maua, na kuna jambo halikai sawa. Duara la jenomu halifungi. Au mmea mmoja umehamia kwenye familia isiyo yake. Au mti wako unapingana na wa mwenzako aliyetumia jeni za kiini cha seli, na nyote wawili mna matawi yenye uthabiti wa asilimia 100 (kwa kipimo cha butstrapu: ni mara ngapi tawi linajirudia mti ukichorwa upya kwa data iliyochaguliwa upya bila mpangilio). Hapa chini nimepanga matatizo kwa dalili zake, nikianza na yale yanayojitokeza mapema katika kazi. Lililo kubwa ni kwamba dalili hujitokeza kwenye mti, ilhali chanzo mara nyingi kiko nyuma sana: vipande vilivyounganishwa vibaya, jeni zilizowekewa alama kimakosa, au mifuatano isiyopangika. Kabla ya kubadilisha modeli au programu ya kuchora mti, fungua faili za mwanzo uzitazame kwa macho yako.

Jenomu yenye afya inafananaje

Huwezi kumjua mgonjwa bila kumjua mzima. Mimea mingi ya maua ina jenomu ya kloroplasti yenye besi (herufi za DNA: A, C, G na T) kati ya 120,000 na 160,000 hivi. Tumbaku, iliyosomwa yote mwaka 1986, ina karibu besi 156,000. Arabidopsis thaliana ina 154,478. Kwa kawaida huchorwa kama duara lenye sehemu nne: eneo kubwa la nakala moja, LSC, eneo dogo la nakala moja, SSC, na kati yake nakala mbili za mfuatano uleule zinazotazamana kinyumenyume, yaani marudio ya kinyume, IR, kila moja ikiwa na besi 20,000 hadi 30,000. Jeni za protini zinakaribia 80, za tRNA ni kama 30, na za rRNA ni 4, ukihesabu kila jeni mara moja.

Kipimo hiki kisikufunge macho, kwa maana ipo mimea ambayo hali yake ya kawaida ndiyo hiyo inayoonekana kuwa hitilafu. Pelargonium × hortorum ina besi 217,942 kwa sababu IR yake imetanuka mno. Epifagus virginiana, mmea kimelea usiofanya usanisinuru, una 70,028 tu. Njegere na jamaa zake wengi wamepoteza nakala moja ya IR. Ukikutana na ukubwa wa ajabu, swali la kwanza liwe: je, ndugu wa karibu wa mmea huu nao wako hivyo? Wakiwa hivyo, tulia. Wasipokuwa hivyo, endelea kusoma.

Duara halifungi, programu inatoa vipande vingi

Fungua grafu ya uunganishaji (mchoro wa jinsi vipande vinavyoungana) kwa programu ya Bandage kabla hujailaumu sampuli. Grafu safi ya mmea wa kawaida ina vipande vitatu tu: LSC, SSC, na IR moja katikati yenye kina cha usomaji (idadi ya mara kila besi imesomwa) mara mbili ya wenzake, kwa sababu nakala zake mbili zimelaliana kwenye kipande kimoja. Ukiona LSC ina kina cha 200, IR 400 na SSC 200, jenomu yako unayo tayari. Programu imeshindwa tu kuamua ipite njia ipi, na hilo tutalishughulikia katika sehemu inayofuata.

Grafu ikiwa imekatikakatika, chanzo cha kawaida ni kina kidogo. Kikishuka chini ya mara 20 hivi, mapengo huanza kutokea, hasa kwenye maeneo yenye A na T nyingi mfululizo. Rudi kwenye DNA yenyewe. Majani yenye utomvu mwingi, polisakaridi na polifenoli hutoa DNA chafu inayozuia vimeng'enya vya kuandalia sampuli. Njia ya kutoa DNA ya CTAB ikiongezewa kemikali ya PVP huondoa sehemu kubwa ya uchafu huo. Majani machanga yaliyokaushwa haraka ndani ya jeli ya silika ndiyo bora, na tofauti yake na majani yaliyonyauka polepole huonekana waziwazi kwenye grafu.

Sampuli za hebaria (mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa) zina shida yake. DNA imekatika vipande vifupi, mara nyingi vya besi mia moja hivi au pungufu, na programu kama GetOrganelle hufanya kazi kwa kukata kila kipande kuwa maneno ya urefu maalumu, k. Ukiweka k ya 105 au 127 kwa DNA ya namna hiyo, vipande vingi vinatupwa kabla kazi haijaanza. Anza na k ndogo upande taratibu. Kumbuka pia kwamba kwenye DNA ya zamani besi C huharibika na kusomeka kama T, hasa kwenye ncha za vipande. Kata ncha hizo.

Kinyume chake kipo pia, na watu wengi hawakitarajii: data nyingi kupita kiasi. Kina kikifika maelfu, makosa ya mashine nayo hujirudia hadi yakaonekana kama njia halali kwenye grafu, na vipande vya mitokondria hupata kina cha kutosha kujiingiza. Chukua sehemu ndogo ya data bila mpangilio, uunganishe tena. Ni ajabu jinsi grafu iliyokuwa kama utando inavyonyooka.

Kama hayo yote hayakusaidia, tazama "mbegu", yaani mfuatano wa DNA wa mmea mwingine uliotumia kuanzishia kazi. Mbegu iliyotoka familia ya mbali inaweza kukosa mshiko. Tafuta ya karibu zaidi. Na kwa familia ambazo jenomu zake zimejaa marudio na mipangilio iliyovurugika, kama Geraniaceae na Campanulaceae, vipande vifupi pekee havitoshi. Huko tumia usomaji mrefu wa PacBio au Oxford Nanopore.

Programu inatoa duara mbili badala ya moja

Zote mbili ni za kweli. Mwaka 1983 Jeffrey Palmer alionyesha katika maharage kwamba kloroplasti hubeba maumbo mawili ya jenomu kwa kiasi sawa, tofauti pekee ikiwa upande ambao SSC imeelekea. Marudio ya kinyume hubadilishana vipande, na SSC hugeuka. Mmea uleule, jani lilelile.

Kwa hiyo huhitaji kuchagua umbo sahihi. Unahitaji kuchagua moja na kulishikilia kwenye sampuli zote. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya. Ukipanga sambamba jenomu nzima kumi, nane zikiwa zimeelekea huku na mbili zimeelekea kule, kila kitu kitakwenda vizuri kwenye LSC na IR ya kwanza, kisha ghafla besi kama 18,000 za zile mbili zitaonekana hazihusiani na za wenzake. Programu ya mti itazisoma kama maelfu ya mabadiliko, na sampuli hizo mbili zitajikusanya pamoja kwa uthabiti wa asilimia 100 hata kama ni za oda (makundi ya familia) tofauti. Watu wamewahi kuripoti mgeuko huu kama tukio la mageuzi linalotenganisha spishi. Si tukio la mageuzi.

Tiba yake ni fupi. Tafuta ndhF na ycf1. Katika mwelekeo uliozoeleka, ndhF iko mwanzoni mwa SSC, karibu na IR inayofuata LSC, na ycf1 iko mwishoni ikivuka mpaka na kuingia IR ya pili. Sampuli ambayo mambo yake yako kinyume, chukua SSC peke yake, igeuze na kubadilisha besi zake kuwa za uzi wa pili, kisha uirudishe mahali pake. Hakikisha pia duara zote zimeanzia sehemu moja, kwa kawaida mwanzo wa LSC karibu na trnH.

Kina kinashuka ghafla, au besi mbili zinagombea nafasi moja

Kloroplasti haikukaa na DNA yake peke yake. Vipande vyake vimehamia kiini na mitokondria mara nyingi katika historia ya mimea. Kwenye kromosomu ya 10 ya mpunga kuna kipande cha asili ya kloroplasti chenye besi 131,000 hivi, karibu jenomu nzima. Nakala hizi za ugenini hazifanyi tena kazi, kwa hiyo hukusanya mabadiliko bila kuzuiwa, na zikijipenyeza kwenye jenomu yako zinaleta historia ya mahali pengine.

Rudisha vipande vya usomaji kwenye jenomu uliyounganisha, kisha utembee nayo yote. Kina kinapaswa kwenda kwa mawimbi madogo. Ukifika mahali kinapoanguka kutoka 300 hadi 30, na hapohapo jeni iliyo nzima kwa jamaa zake wote ina kodoni za kukomesha (besi tatu zinazosimamisha utengenezaji wa protini) katikati, basi umeunganisha kipande cha kiini au cha mitokondria. Kiondoe, na uunganishe eneo hilo upya ukiweka kiwango cha chini cha kina. Besi mbili zikigombea nafasi moja kwa uwiano kama 95 kwa 5, ile ya asilimia 5 kwa kawaida ndiyo mgeni. Zikiwa karibu nusu kwa nusu katika nafasi nyingi, wasiwasi wangu ungehamia kwenye mchanganyiko wa sampuli mbili.

Mifuatano iliyotengenezwa kwa PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya jeni mojamoja iko hatarini zaidi, kwa kuwa haina kina cha kukuonya. Ukiichanganya na jenomu nzima, ikague jeni kwa jeni.

Jeni zinaonekana zimeharibika au hazipo

Programu za kuweka alama, GeSeq ikiwemo, ni nzuri, lakini hunakili makosa ya jenomu rejea uliyozipa zilinganishe nayo. Kabla hujatangaza kwamba mmea wako umepoteza jeni, pitia mambo yafuatayo.

Jeni haina kodoni ya kuanzia ATG. Huenda ina ACG, na RNA yake huhaririwa baadaye C ikawa U. Jambo hili liligunduliwa kwa kloroplasti mwaka 1991, katika rpl2 ya mahindi. NdhD nayo ni maarufu kwa tabia hiyo katika mimea mingi. Jeni ya rps19 mara nyingi huanza na GTG. Zote hizi ni jeni nzima zinazofanya kazi.

Jeni ni fupi kidogo kuliko ilivyo kwa wengine. Tazama petB, petD na rpl16. Eksoni zake za kwanza (vipande vya jeni vinavyobaki kwenye RNA) ni ndogo mno, 6, 8 na 9 besi, na programu huziruka bila kusema. Zitafute kwa mkono mbele ya introni (kipande kinachokatwa na kuondolewa). Nayo rps12 imegawanyika kweli: eksoni ya kwanza iko LSC, zilizobaki ziko IR, na hizo nakala huunganishwa zikiwa RNA. Programu ikiichora kama jeni moja yenye urefu wa besi makumi ya maelfu, imekosea.

Kuna ycf1 mbili, moja fupi. Ndivyo ilivyo. Mpaka wa IR unaikata, na kipande kilichonakiliwa upande wa pili si jeni kamili. Kwenye data ya mti tumia ile ndefu tu.

Kuna kodoni ya kukomesha katikati ya jeni. Tafuta mfululizo wa A au T saba, nane hivi kabla yake. Mara nyingi mashine imeongeza au imepunguza besi moja, fremu ya kusoma ikahama. Rudi kwenye vipande vya usomaji uhesabu.

Yote haya yakiwa safi, ndipo upotevu wa kweli unapoaminika, na upo: rpl22 imehamia kiini katika familia ya mikunde, accD imepotea katika nyasi, infA imepotea mara nyingi katika nasaba mbalimbali, na jeni za ndh zimepotea au zimeharibika kwa okidi nyingi na mimea vimelea.

Sampuli imekaa kwenye familia isiyo yake

Usianze na nadharia ya mseto wa kale. Anza na lebo. Kisha chukua jeni tatu zilizo mbalimbali kwenye duara, mathalani rbcL iliyo LSC, ndhF iliyo SSC na ycf2 iliyo IR, na uzipitishe mojamoja kwenye BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana kwenye hazina za umma. Zote tatu zikielekeza kwenye familia ileile ngeni, sampuli ilikosewa jina au ilibadilishana na nyingine maabara. Zikielekeza sehemu tofauti, una jenomu ya kuungaunga, nusu ya mmea huu na nusu ya mwingine, na hiyo hutokea pale sampuli nyingi zinaposomwa pamoja na alama za utambulisho zikavuja kutoka moja hadi nyingine. Sampuli yenye DNA nyingi humwaga vipande kwenye jirani yake dhaifu.

Kagua kwa namna hiyohiyo jenomu ulizopakua kutoka hazina za umma. Zimo zenye majina yasiyo sahihi na zimo za kuungaunga, na hazijawekewa alama yoyote. Mimi huweka uzito mkubwa kwenye jambo moja: je, kuna kielelezo kilichohifadhiwa kwenye hebaria, chenye namba, ambacho mtaalamu anaweza kwenda kukitazama? Bila kielelezo, jina la spishi ni dai tupu.

Mabadiliko yamesongamana sehemu moja

Katika maeneo yaliyo kati ya jeni, utaona mpangilio ulionyooka, kisha ghafla besi kumi hadi thelathini ambazo nusu yake hazilingani, kisha unyoofu tena. Tuseme spishi moja ina TTAGCAAC na ya pili ina GTTGCTAA. Zikipangwa juu kwa chini, kati ya nafasi nane, nne zinatofautiana. Lakini igeuze ya pili na uchukue uzi wake wa pili: unapata TTAGCAAC, ileile. Hayakuwa mabadiliko manne, ulikuwa mgeuko mmoja mdogo. Kando yake, kushoto na kulia, utakuta mifuatano inayokamilishana na kujikunja ikawa kama pini ya nywele, na kichwa cha pini ndicho kinachogeuka. Mfano unaojulikana sana uko kati ya psbA na trnH. Kwa kuwa migeuko hii huweza kwenda na kurudi hata ndani ya spishi moja, ninaiondoa kabisa kwenye data.

Kwa jeni za protini, panga sambamba protini kwanza kisha uirudishe kwenye DNA, ili mapengo yaangukie kati ya kodoni. Na kwa jenomu nzima, acha nakala moja ya IR tu. Ukiacha zote mbili, kila badiliko la IR linahesabiwa mara mbili, na takwimu zako zinadhani zina ushahidi ambao haupo.

Matawi mawili marefu yanavutana

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Amborella trichopoda, kichaka cha New Caledonia. Mwaka 1993 mti mkubwa wa rbcL, wenye mimea 499, uliweka Ceratophyllum kuwa ndugu wa mimea mingine yote ya maua. Kufikia mwaka 1999, tafiti kadhaa zilizounganisha jeni nyingi ziliweka Amborella mahali hapo. Kisha mwaka 2003 kundi la Vadim Goremykin likasoma jenomu nzima ya kloroplasti ya Amborella, likaiweka pamoja na jenomu nyingine chache zilizokuwepo wakati ule, na matokeo yakageuka: monokoti (mimea yenye jani-mbegu moja) ndizo zilizojitenga kwanza, na kwa uthabiti mkubwa.

Data ilikuwa nyingi kuliko wakati wowote, na jenomu yenyewe ilisomwa vizuri. Shida ilikuwa kwamba monokoti zote zilizomo zilikuwa nyasi: mpunga, mahindi na ngano. Nyasi zina jenomu za kloroplasti zilizobadilika kwa kasi, kwa hiyo tawi lake ni refu mno. Kundi la nje, yaani mimea isiyo ya maua inayotumika kuweka mzizi wa mti, nalo lina tawi refu. Tawi refu huvutwa na tawi refu, kwa sababu besi ni nne tu na mabadiliko mengi huishia kufanana kwa bahati. Mwaka 2004 Saša Stefanović, Danny Rice na Jeffrey Palmer waliongeza monokoti isiyo nyasi, Acorus, na Amborella ikarudi mahali pake.

Ukishuku hali hii, jaribio la kwanza ni kuondoa kundi la nje. Je, mpangilio wa mimea iliyobaki umebadilika? Ukibadilika, kundi la nje linauvuta mti. Kisha ongeza spishi za kulikata tawi refu katikati. Hii ndiyo tiba ya kweli, nyingine ni za kutuliza. Baada ya hapo ndipo uondoe nafasi ya tatu ya kila kodoni, au zile nafasi zinazobadilika kwa kasi kupita zote, uone kama tawi linaendelea kusimama. Fanya hivyo kwa uangalifu: swali la kama Amborella inasimama peke yake au pamoja na mayungiyungi limejibiwa tofauti kulingana na nafasi zilizoondolewa, kwa hiyo ukiondoa, onyesha matokeo ya kabla na ya baada. Mimea vimelea ina matawi marefu kupindukia. Kama swali lako haliihusu, iache nje.

Matawi ya katikati hayana uthabiti

Kloroplasti hubadilika polepole kuliko kiini, na IR polepole zaidi kuliko sehemu nyingine. Kwa spishi zilizoachana karibuni, jeni za protini huenda zisiwe na la kusema. Ongeza maeneo ya kati ya jeni, na ycf1, ambayo ni ndefu na hubadilika sana. Kwa makundi yaliyotawanyika haraka zamani, hata utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukiwa na jeni 80 kutoka jenomu 2,881 uliacha matawi mafupi sana mahali hapo. Tawi fupi la kweli halirefushwi na modeli. Liache kama lilivyo, au lichore kama matawi mengi yanayotoka sehemu moja.

Mti wa kloroplasti na wa kiini haipatani

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu haifai kulifikia kabla ya kuyamaliza yaliyotangulia. Ukishayamaliza, mgongano si hitilafu tena. Ni historia, na ni sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii.

Jenomu ya kloroplasti hurithiwa nzima, kwa mimea mingi kutoka kwa mzazi wa kike pekee, na sehemu zake huchanganyika kwa nadra. Jeni zake 80 ni shahidi mmoja aliyeulizwa maswali 80. Ndiyo maana butstrapu ya asilimia 100 inakuambia kwamba shahidi hajigongi. Haikuambii kwamba aliyoyaona ndiyo yaliyoupata mmea mzima. Kwa sababu hiyohiyo, kuzipa programu kama ASTRAL, zinazojenga mti wa spishi kutokana na miti ya jeni zenye historia huru, jeni za kloroplasti mojamoja kana kwamba kila moja ina historia yake ni kwenda kinyume na msingi wa programu hiyo. Miti ya jeni hizo ikitofautiana, mara nyingi ni kwa sababu jeni ni fupi na haina taarifa ya kutosha.

Sasa tofautisha vyanzo. Mialoni ya Ulaya inaonyesha cha kwanza kwa uwazi: aina za kloroplasti hufuata eneo badala ya spishi, hivyo mialoni ya spishi tofauti iliyo msitu mmoja huwa na kloroplasti moja, na ya spishi moja iliyo mbalimbali huwa na tofauti. Spishi zimezaana, na kloroplasti imenaswa kutoka upande wa pili huku kiini kikirudi kufanana na cha mwanzo. Ukiona mti wa kloroplasti unafuata ramani ilhali wa kiini unafuata maumbo ya maua na matunda, fikiria unasaji.

Mpangilio usipofuata ramani, na matawi yanayohusika yakiwa mafupi, yawezekana mababu walikuwa na aina kadhaa za kloroplasti na uzao ukazigawana bila kufuata mpangilio wa spishi. Pima kwa kuiga: tumia mti wa kiini, tengeneza miti ya kloroplasti kwenye kompyuta kwa nadharia ya ugawanaji huo pekee, uone ni mara ngapi mgongano wako unatokea. Ukitokea mara nyingi, huna haja ya kudai mseto. Usipotokea karibu kamwe, mseto una hoja.

Mgongano huu haukomei kwa spishi za juzi. Oda za Celastrales, Oxalidales na Malpighiales, kwa kloroplasti, ziko upande mmoja na mikunde na waridi. Kwa jeni za kiini na za mitokondria zinaelekea upande wa kabichi na pamba. Jibu la kloroplasti hapo lina uthabiti mkubwa, na la kiini pia. Mti wa kiini uliochapishwa mwaka 2024, wenye jeni 353 na spishi zaidi ya 9,500, sasa unampa kila mtafiti wa kloroplasti kitu cha kulinganisha nacho, familia kwa familia.

Hakiki pia njia ya urithi katika kundi lako kabla ya kuandika kwamba umefuatilia ukoo wa kike. Katika Actinidia (jamii ya kiwi) kloroplasti hutoka kwa baba. Katika Pelargonium na Oenothera hutoka kwa wazazi wote wawili, na hapo mmea mmoja unaweza kubeba kloroplasti za aina mbili, kwa hiyo zile besi mbili zinazogombea nafasi moja huenda zisiwe uchafu. Ukipata uwezo wa kuongeza sampuli, ongeza mimea mingine ya spishi zilezile zinazogongana, kutoka maeneo yaliyo mbalimbali. Sampuli moja kwa kila spishi haiwezi kutenganisha unasaji na ugawanaji.